Mgeni Aliyetolewa kwa Mlango wa Nyuma

Upande wa kushoto wa kitanda ulikuwa umelaliwa.

Mkuu wa usafi wa vyumba alisimama mlangoni, ufunguo ukiwa bado kwenye kitasa, akakikodolea macho kile kitanda kama anayemtazama mtoto aliyekamatwa na uongo. Chumba cha Mwisho kilikuwa kimefungwa tangu mgeni wake alipofariki. Ni yeye mwenyewe aliyetandika shuka jipya, akalivuta mpaka likakaza, akafunga mlango na kuutia ufunguo kwenye kishada alichotembea nacho kiunoni, kile kilichowafanya wafanyakazi wote wamwite Mama Funguo. Ufunguo wa pili haukuwepo. Lakini mto wa kushoto ulikuwa na shimo la kichwa, shuka lilikuwa na mikunjo ya mtu aliyejigeuzageuza, na chini ya kitanda, upande uleule, ndara za kuogea zilikuwa zimelowa.

Mama Funguo hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alikuwa amelea mtoto peke yake kwa kutandika vitanda vya watu wengine, na maisha ya namna hiyo hayampi mtu nafasi ya kuogopa vivuli. Alidhani kuna mvivu fulani kati ya wasichana wake aliyepata njia ya kupenya kutoka kibarazani ili ajinyooshe mgongo. Akatandika upya, akaweka ndara kavu, akashuka kumtafuta wa kumkaripia. Wasichana wote wakaapa. Kesho yake upande wa kushoto ulikuwa umelaliwa tena, na safari hii chumbani kulikuwa na harufu: harufu ya shuka bichi linalopigwa pasi ya moto kupita kiasi, muda mfupi kabla halijaanza kuungua.

Hoteli ile ilikuwa ufukweni kabisa, safu ya vyumba vyeupe vinavyoitazama bahari, na ilijivunia jambo moja kuliko mengine yote: wageni wake walirudi. Aliyerudi mara nyingi alipewa kadi ya dhahabu, na kadi ile ilikuwa na mambo yake. Mwenye kadi hapangi foleni mapokezi. Anapewa taulo baridi la kujifuta uso kabla hata hajaketi. Chumba anachokipenda kinamngoja, mto anaoupenda uko juu ya kitanda, na siku ya kuondoka hakuna anayemgongea mlango kumkumbusha kwamba muda umekwisha. Zaidi ya hayo yote, meneja wa wageni humpokea yeye mwenyewe kwenye ngazi za mbele na kumwambia maneno yaleyale kila mwaka: "Hapa ni nyumbani kwako. Karibu, wewe na wote uliokuja nao."

Meneja huyo wafanyakazi walimwita Tabasamu, jina ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Kila asubuhi aliwapanga mstari na kuwakagua nyuso kama wengine wanavyokagua viatu. Aliwahi kumrudisha nyumbani msichana aliyetoka kufiwa, akisema mgeni hakusafiri safari yote ile kuja kutazama msiba wa mtu.

Marehemu wa Chumba cha Mwisho alikuwa mwenye kadi ya dhahabu wa miaka mingi kuliko wote. Bibi mwembamba, mpole, aliyekuja peke yake, na kila kitu alitaka viwili. Mito miwili, hiyo inaeleweka. Lakini alitaka pia vikombe viwili vya chai, ndara jozi mbili, mataulo baridi mawili pale kwenye ngazi, na viti viwili kibarazani vinavyotazamana. Vijana wakamwita Bibi Mbilimbili, wakasema pengine mume wake ni mwembamba kuliko yeye mwenyewe, ndiyo maana haonekani. Mama Funguo aliwaacha wacheke. Yeye aliona tu kwamba jozi ya pili ya ndara ilikuwa ikivaliwa kweli, na kikombe cha pili kilinywewa mpaka chini.

Mara moja alimwuliza, akiwa anapanga mataulo, huwa anakuja na nani. Bibi akamjibu bila kuona haya kwamba ana mwenzake tangu usichana wake, kwamba mwenzake huyo hapendi makelele ya watu ila anaipenda bahari, na kwamba katika hoteli zote walizopita, hii peke yake ndiyo iliyowahi kumkaribisha na yeye. Mama Funguo akasema vizuri, bibi, akaenda kusafisha chumba kingine. Alikuwa na vyumba vingi na wazee husema mengi.

Kisha, Mama Funguo akiwa likizo, bibi akafa. Aliporudi kazini aliambiwa kwamba moyo ulisimama na kwamba alifia hospitali. Tabasamu alilisema hilo haraka haraka kwenye mstari wa asubuhi, kisha akahamia kwenye habari ya maua ya mapokezi.

Baada ya kitanda, ikaja sauti. Ilikuja saa ile ambayo jua limesimama wima na wageni wamelala na mapazia wameyafunga, wakati korido hazina mtu. Ilikuwa sauti ya magurudumu ya toroli la nguo chafu, moja likilia, likitoka Chumba cha Mwisho na kushuka taratibu kuelekea chumba cha kufulia. Wasichana walichungulia wakaona korido tupu, na ile harufu ya pasi ikiwapita usoni kama upepo wa jikoni. Wakaanza kufanya kazi wawili wawili bila kuambiwa.

Wageni wenyewe mwanzoni hawakuogopa. Walisifu. Mama mmoja wa kadi ya dhahabu aliandika kwamba katika safari zake zote hajawahi kuhudumiwa hivyo: akiwa usingizini mchana kuna mhudumu alikuja bila kumwamsha, akamkunjia shuka kila upande kwa ustadi, akamchomekea mpaka chini ya godoro, hata alipoamka hakuweza kuinua mkono mpaka mume wake alipokuja kumfungua. Tabasamu aliyasoma maneno yale kwa sauti mbele ya mstari, akifurahi, akauliza ni nani huyo ili apewe zawadi. Hakuna aliyejitokeza. Mama Funguo alimtazama mwanawe aliyesimama mwisho wa mstari na wabeba mizigo wenzake, kijana mrefu ambaye kila mtu alimwita Twiga. Alikuwa amepauka kama jivu, na mkono wa kulia wa shati lake la sare ulikuwa umelowa kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko.

Alipomwuliza baadaye, Twiga alisema ameosha mikono. Jioni yake, nyumbani, mkono wa shati lingine ulikuwa umelowa vilevile.

Aliyefuata alikuwa mlinzi wa lango la nyuma. Alikuwa mwanamume wa miraba minne, mpenda mzaha, anayejua uvumi wa kila idara kabla idara yenyewe haijaujua. Mchana mmoja lango lilikutwa wazi na kiti chake kitupu. Mama Funguo ndiye aliyempata, bila kumtafuta. Alikwenda chumba cha kufulia kuuliza mashuka yake, na alipoufungua mlango akakuta mashine zote zimezimwa, jambo lisilotokea kamwe mchana, na katika kimya kile akasikia kitu kikipumua ndani ya toroli kubwa lililokuwa ukutani, kikipumua polepole kama anayejizuia asisikike, akalisogelea huku akijiambia ni paka, ni paka tu, mpaka akaona kwamba mashuka yaliyomo hayakuwa yametupwa kama yanavyotupwa mashuka machafu bali yametandikwa, safu juu ya safu, pembe zake zimekunjwa kwa ileile namna anayowafundisha wasichana wake, na alipolifunua la juu na la pili na la tatu akamkuta mlinzi amelala chali, mikono imebanwa ubavuni, macho wazi hayapepesi, na juu ya paji la uso wake, limekunjwa vizuri, taulo baridi la kumkaribishia mgeni.

Alikuwa hai. Yuko hai hata leo, kwa kadiri watu wanavyojua. Anakula akilishwa. Hasemi. Ila mkewe akijaribu kumfunika shuka usiku, yeye hulia kwa sauti nyembamba, ya mtoto mchanga, kwa hiyo analala bila kufunikwa.

Tabasamu aliwaambia wafanyakazi kwamba mlinzi alikuwa na kifafa cha siri. Aliwaonya kwamba atakayepeleka maneno mengine kwa wageni aanze kutafuta kazi.

Siku hiyo Mama Funguo aliingia chumbani kwa mwanawe kuchukua nguo za kufua, akakuta taulo dogo jeupe juu ya mto wake. Lilikuwa baridi kama lililotoka kwenye jokofu wakati huohuo. Alama ya hoteli ilikuwa imeshonwa pembeni. Hakupiga kelele. Alilichukua kwa ncha za vidole, akalitupa nje, akamwita Twiga jikoni, akamkazia macho mpaka kijana akakaa.

"Vua shati," akamwambia.

Kuanzia kifundo kwenda chini, mkono wa kulia wa Twiga ulikuwa mweupe na umekunjamana, kama mkono wa mtu aliyeshinda kwenye maji ya sabuni. Juu ya kifundo kulikuwa na alama ya vidole vinne na dole gumba, vyembamba, na maji yalikuwa yakitoka humo kidogo kidogo.

"Alinishika, mama," Twiga akasema.

"Nani?"

"Bibi Mbilimbili. Ndani ya toroli."

Yaliyobaki yakamtoka vipande vipande. Siku ile bibi alianguka chumbani, akawa anahema kwa shida. Mlinzi alikuwa anapita, akamwita Tabasamu. Sasa, siku hiyohiyo walikuwa wanapokelewa mawakala wa safari, watu wakubwa wanaoamua hoteli gani ipelekewe wageni wa mwaka mzima, na magari yao yalikuwa tayari yameshaingia barabara ya mbele, muziki umeanza, mataulo yamepangwa kwenye sinia. Tabasamu akamtazama bibi, akasema huyu ameshakwisha. Gari la wagonjwa halitakuja kusimama mbele ya mawakala. Akaagiza toroli la nguo chafu. Mlinzi akamshika miguu, Twiga mabega, wakamlaza, wakamfunika mashuka, wakamteremsha kwa korido ya wafanyakazi mpaka chumba cha kufulia, wangoje huko sherehe iishe. Njiani mkono ulitoka chini ya mashuka ukamshika Twiga kifundo cha mkono. Alikimbia kumwambia meneja kwamba bibi yu hai. Tabasamu, huku anapungia mawakala, alimwambia hiyo ni mishipa tu, hukaza. Rudi ukakae naye.

"Ukarudi?"

"Nikarudi. Nikasimama. Sikuita mtu." Twiga alikuwa analia bila sauti. "Kulikuwa na joto, mama. Nguo zilikuwa zinapigwa pasi chumba cha pembeni. Alikuwa ananitazama mimi, halafu anatazama nyuma yangu, kama kuna mtu. Akawa anamwambia huyo mtu asikasirike."

Mama Funguo hakumbembeleza. Alinyanyuka, akachemsha maji, akakaa tena. Alikuwa na mtoto mmoja, mtoto huyo alikuwa ametenda jambo baya kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na kilichokuwa kinatembea na jambo hilo kilikuwa kimeshafika kwenye mto wake. Kulia kungekuja baadaye kama kungekuwa na muda.

Mganga aliyempata kupitia mpiga pasi mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni na simu iliyokuwa ikiita kila mara. Kumwingiza hotelini hakukuwa kugumu. Alivalishwa sare ya usafi, akapewa ndoo. Alilalamika kwamba sare inambana mapajani. Lakini alipofika mlango wa Chumba cha Mwisho aliacha kulalamika. Aliweka ndoo chini, akavua viatu.

"Humu siwezi kufukiza ubani?" akanong'ona.

Mama Funguo akamwonyesha kidude cha dari. Moshi kidogo tu, king'ora kingelia na wageni wote wangetoka mbio na mataulo.

"Basi tutaongea," mganga akasema.

Waliingia. Mapazia yalikuwa yamefungwa ingawa Mama Funguo aliyaacha wazi. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, lakini baridi iliyokuwemo ilipenya kwenye mifupa, na chini ya baridi ile kulikuwa na joto la pasi, vyote viwili kwa pamoja, kama mtu mwenye homa. Kiti kimoja cha kibarazani kilikuwa kimeingizwa ndani na kugeuzwa kuutazama mlango. Hawakuwa wameketi bado simu ya kando ya kitanda ilipoita.

Mganga alitikisa kichwa. "Mimi hanijui. Anakuita wewe."

Mama Funguo alipiga moyo konde, akainua mkono wa simu, na kabla hajasema chochote alisikia upande wa pili mtu akivuta pumzi, akiivuta ndani, ndani zaidi, bila kuitoa, na sauti ikaja juu ya pumzi hiyohiyo, isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, ya adabu kabisa, kama sauti ya mgeni yeyote anayepiga simu kuulizia huduma.

"Mama Funguo. Chai yangu haijaletwa."

"Samahani," akasema, kwa kuwa ndivyo midomo yake ilivyozoea.

"Kikombe kimoja. Siku hizi niko peke yangu."

Akakaa kitandani, upande wa kulia, na upande wa kushoto ukabonyea nyuma yake. Hakugeuka. Aliing'ang'ania simu akauliza anataka nini kwa mwanawe.

"Alikuwa hai," sauti ikasema. "Nilitembea nyuma ya toroli. Nilikaa naye penye joto mpaka alipokata roho, huku nje wanacheza muziki. Akaniomba nisikasirike. Nimejaribu."

Mganga alikuwa amesogea karibu, sikio lake kwenye simu. Alimvuta Mama Funguo mkono, akaziba kinywa cha simu, akamwambia kwa haraka kwamba yeye hapo hana kazi. Kingekuwa kimevamia, angekitoa. Lakini huyu alikaribishwa, mwaka baada ya mwaka, na mwenye mamlaka, kwa kinywa chake mwenyewe, aje na bibi yake. "Aliyekaribishwa hatolewi kwa dawa," akanong'ona. "Anaagwa. Hapa wageni wa dhahabu mnawaagaje?"

Mama Funguo akamweleza. Wafanyakazi wote hujipanga mistari miwili kwenye mlango wa mbele. Mgeni hupita katikati. Mmoja humbebea sanduku mpaka garini, na wote hupunga mikono mpaka gari lipotee.

"Na huyu bibi aliagwa?"

Aliinua tena simu, akasema kwamba hoteli inaomba kumuaga mgeni wake kama anavyostahili.

Mahali fulani bafuni maji yalikuwa yanadondoka.

"Kesho," sauti ikasema. "Mlango wa mbele. Sanduku lake bado mnalo. Alibebe yule aliyemtoa nyuma."

Mama Funguo aliisogeza simu karibu zaidi. "Aliyesukuma," akauliza, "au aliyeamuru?"

Ile pumzi ikavutwa tena ndani, kwa muda mrefu, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kicheko.

"Wewe ndiye unayepanga nani afanye kazi gani humu. Panga."

Simu ikakatika. Upande wa kushoto wa kitanda ukainuka taratibu, kama mtu amesimama.

Nje, mganga alivaa viatu bila kumtazama. Alimwambia atakayeteremka ngazi na sanduku hilo hatalitua kwenye gari. Atalibeba njia yote, popote njia hiyo inapokwenda. "Sikwambii ufanye nini," akasema. "Na mimi nina watoto." Akairudisha sare, akaenda zake.

Mama Funguo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Tabasamu. Alitarajia kubishana, lakini meneja hakubisha. Meneja alikuwa na mifuko myeusi chini ya macho, na juu ya meza yake, mbele ya kompyuta, kulikuwa na mataulo baridi mengi yaliyokunjwa vizuri, ambayo hakuyaeleza. Alisikiliza yote, pamoja na onyo la mganga. Kisha akavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Vizuri. Mwanao atabeba."

"Bwana, ulijua bibi yu hai?"

"Alikuwa mzee," Tabasamu akasema, kwa upole kabisa. "Wageni walikuwa langoni. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Na aliyeshikwa mkono ni yeye, siyo mimi. Kazi ya kubeba mizigo ni ya wabeba mizigo." Akaongeza kwamba kama Twiga hatabeba, itabidi polisi waambiwe ni nani hasa aliyesukuma toroli lenye mtu aliye hai, na kwamba mlinzi, shahidi pekee, kwa bahati mbaya hasemi.

Alimwambia hayo huku anatabasamu. Mama Funguo alimtazama yale meno kwa muda. Kitu ndani yake kilichokuwa kinahangaika tangu asubuhi kikatulia. Akasema sawa, bwana, akatoka, akaenda kupanga mistari.

Waliagana mchana kweupe. Mistari miwili ilianzia mapokezi ikashuka ngazi za mbele mpaka kwenye teksi iliyokuwa inangoja. Wageni waliokuwa bwawani walidhani kuna mtu mashuhuri anaondoka, wakaja na kanga zao za kuogelea na simu zao mkononi, wakazunguka. Tabasamu alisimama juu ya ngazi, suti yake imepigwa pasi, akiwaeleza wageni kwamba hii ndiyo heshima ambayo hoteli humpa mwaminifu wake. Sanduku la kahawia la bibi lilikuwa pembeni yake, dogo, la kizamani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuja kutoka korido ya Chumba cha Mwisho, ya shuka na moto, na vichwa vya wafanyakazi viligeuka kimoja baada ya kingine, mstari mzima, kama majani yanavyolala upepo ukipita, ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama, ila juu ya marumaru safi zilikuwa zinatokea alama za ndara zilizolowa, moja, halafu nyingine, halafu nyingine, za mtu asiye na haraka, na kila aliyepitwa nazo aliinamisha macho na kushika mkono wa mwenzake, na Twiga, ambaye alikuwa amesimama karibu na ngazi, alianza kunyanyua mkono wake mweupe uliokunjamana kulielekea sanduku bila yeye kutaka, akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, vidole vikifunguka, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viatu.

Tabasamu alimwashiria kwa kidevu. Beba.

Mama Funguo akatoka kwenye mstari. Alimpiga mwanawe ule mkono kama mama anavyompiga mtoto anayetaka kushika jiko la moto, akalinyakua sanduku yeye. Lilikuwa jepesi kama tupu. Akageuka kuwatazama wageni, akatumia sauti yake ya kazi, ile laini.

"Mgeni wetu wa dhahabu ameomba meneja mwenyewe amsindikize."

Wageni wakapiga makofi. Simu zote zikamgeukia Tabasamu. Mama mmoja akasema hii ndiyo huduma. Mama Funguo akamsogezea mshikio wa sanduku mpaka kwenye vidole.

"Chukua mwenyewe, mwanamke," Tabasamu akamwambia kati ya meno, mdomo hausogei.

"Wageni wanatazama, bwana," akamjibu.

Na kweli walikuwa wanatazama. Maisha yake yote mtu yule hakuwahi kukunja uso mbele ya mgeni, na hata pale, akijua anachojua, hakuweza. Alitabasamu. Alilishika sanduku.

Mama Funguo aliliachia, akaona bega la suti likishuka ghafla, kama sanduku limejazwa mawe. Meneja aliteremka ngazi kwa ngazi, akifuata alama za ndara, mishipa ya shingo imemsimama, jasho linamdondoka kidevuni, na akiwa anatabasamu kulia na kushoto. Dereva alifungua buti ya gari. Tabasamu hakuweza kuachia. Alijaribu kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao ukabaki palepale. Akaingia kiti cha nyuma na sanduku mapajani. Kando yake, upande wa kushoto, kiti kikabonyea.

Gari lilipoondoka aligeuza uso kwenye kioo. Macho yalikuwa yanalia kwa woga. Meno yalikuwa nje yote. Wafanyakazi wakapunga mikono mpaka gari lilipopotea, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuushusha mkono wake.

Dereva alirudi jioni, akataka maji ya kunywa, akakaa nao jikoni. Alisema abiria hawakufika uwanja wa ndege. Pale barabara inapokaribia ufukwe usio na nyumba, bwana alimwambia asimame, kwa sauti isiyo yake. Alishuka na sanduku kichwani, akaelekea majini, akitembea kama mbeba mizigo anavyotembea hatua chache nyuma ya mwenye mzigo, ingawa mbele yake hapakuwa na mtu. Dereva alimwita. Maji yalipomfika kifuani aligeuka mara moja, na dereva akasema kilichomkimbiza ni kwamba bado alikuwa anatabasamu. Walioulizwa baadaye na polisi walijibu kwamba meneja aliondoka na mgeni. Lilikuwa jibu la kweli, na wote waliliona kwa macho yao, na video za wageni zilionyesha hivyo.

Nyumbani, Twiga alikaa mezani akiutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkavu. Ngozi imeanza kurudi rangi yake, ingawa alama za vidole zilibaki, na zingebaki. Mama yake alimwekea sahani. Hakula.

"Mama, ulijua ataenda naye?"

"Nilijua."

"Ungeweza kubeba wewe. Ulikuwa umeshalishika."

"Ningeweza."

Akamsogezea sahani karibu.

"Na mimi?" Twiga akauliza polepole. "Mimi nilisimama pale nikamtazama anakufa. Mimi nimesamehewa?"

Mama Funguo aliifuta meza kwa kitambaa, mpaka pembeni, mpaka kwenye makombo ya chini ya sahani ya mwanawe. "Hapana," akasema. "Wewe hukusamehewa. Wewe una mama. Kula, kesho una zamu ya asubuhi."

Kijana akala, kwa kuwa aliagizwa. Mama akazima taa, akalala kitandani mwake na macho wazi, akiusubiri uso wa yule mtu kwenye kioo cha gari uje umtese, kama unavyopaswa kuja. Alisubiri kidogo. Ulipochelewa, akageukia ukuta, akalala.